Mlio Uliochukua Nafasi ya Gadi

Ndugu msikilizaji, huko Marekani wako watu ambao burudani yao ni kukaa kando ya reli na redio ndogo ya mkononi, wakifuatilia mazungumzo ya madereva wa treni. Mgeni anayejiunga nao huelewa maneno haraka. Kinachomtatiza ni milio. Kuna mlio kama wa simu inayobonyezwa namba. Kuna mlio unaotangulia sauti ya mashine inayohesabu ekseli. Na kwenye masafa mengine kuna mkwaruzo mfupi usiofika hata sekunde moja, kama mdudu aliyelia mara moja akanyamaza. Baada ya dakika moja hivi hulia tena.

Wiki hii nataka tuizungumzie milio hiyo, hasa huo wa mwisho. Nyuma yake iko historia ya watu walioondolewa kazini, ya treni zilizokimbia bila breki, na ya swali ambalo linatuhusu sote: mtu akiondolewa mahali pake na kuwekwa mlio, ni kazi zipi za mtu yule zinazobaki bila mwenyewe?

Tuanze na ule unaofanana na simu. Mwongoza treni wa Marekani hukaa ofisini, pengine mamia ya kilomita kutoka kwenye treni anazoziongoza, na hawezi kusikiliza minara yote ya redio kwa wakati mmoja. Kwa hiyo dereva akimhitaji hubonyeza namba kwenye redio yake. Kila namba hutoa sauti 2 kwa pamoja. Namba 5, kwa mfano, ni sauti ya hezi 770 iliyochanganyika na ya hezi 1336. Utaratibu huo ni uleule ulioingizwa kwenye simu za Marekani mwaka 1963. Mnara ukizitambua sauti hizo hujibu kwa mlio wake, maana yake "nimekusikia", na mwongoza treni huona kwenye meza yake ni mnara upi unaoita. Iko pia namba ya dharura. Huu ni mlio wa kubisha hodi. Haufanyi kazi ya mtu, bali humwita mtu.

Mlio wa pili hutoka kwenye vyombo vilivyofungwa kando ya reli kupima joto la beringi za magurudumu. Treni ikishapita, chombo hutangaza redioni mahali kilipo, idadi ya ekseli kilizohesabu, na kama kuna kasoro au hakuna. Kikikuta beringi imechemka kupita kiasi, hutoa tahadhari ya kumtaka dereva asimame. Chombo hiki kimechukua sehemu ya kazi ya mtu, nami nitarudi kwake baadaye.

Ili tuuelewe mlio wa tatu, huo wa mdudu, hatuna budi kumkumbuka kwanza gadi.

Kwa muda wa miaka mingi, treni ya mizigo ya Marekani ilikuwa na behewa dogo mkiani, mara nyingi limepakwa rangi nyekundu, lenye jiko, mahali pa kulala, na aghalabu kijumba chenye madirisha juu ya paa. Humo walikaa kondakta na mtu wa breki. Mimi nitawaita magadi, kama tulivyozoea kwetu. Kutoka juu pale waliangalia treni yote ikikata kona, wakitafuta moshi, cheche au kamba ya mzigo iliyolegea. Pua zao zilijua harufu ya mafuta ya ekseli yanayoungua. Treni ikisimama mahali pasipotarajiwa, gadi alishuka na taa au bendera, akarudi nyuma kwa miguu kuionya treni inayofuata, na akatega relini vidonge vya baruti vinavyolipuka vikikanyagwa na gurudumu.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote ilihusu hewa. Breki za treni hufanya kazi kwa hewa, kwa mfumo ambao George Westinghouse aliusajili mwaka 1872. Bomba moja hupita chini ya mabehewa yote, toka injini hadi mkiani, likiwa limejaa hewa yenye presha. Katika treni za mizigo za Marekani presha hiyo kwa kawaida ni pauni 90 kwa inchi ya mraba, karibu mara 3 ya upepo wa tairi la gari dogo. Dereva akitaka kusimama hupunguza presha ya bomba, na breki za kila behewa hukamata. Bomba likikatika, hewa hutoka na treni husimama yenyewe.

Ni ubunifu wa busara sana, ila una mwanya mmoja. Bomba likizibwa katikati, ama na koki iliyofungwa ama na kitu kilichonasa ndani, dereva anapotoa hewa kule mbele, mabehewa yaliyo nyuma ya kizuizi hayapati habari. Breki zake hubaki zimeachia, na uzito wake huendelea kuisukuma treni mteremkoni.

Gadi ndiye aliyeuziba mwanya huo. Alikuwa na geji ya presha mbele ya macho yake. Akiona kwamba hewa ya mkiani haishuki wakati treni inatakiwa kupunguza mwendo, alikuwa na vali yake mwenyewe. Akiifungua, hewa ilitoka kwa upande wa nyuma na mabehewa ya upande wake yakakamata breki. Kwa hiyo pale mkiani palikuwa na mambo 3: macho ya kuona, mkono wa kutenda, na mtu anayejulikana. Dereva alijua ni nani aliyeko nyuma yake. Naomba tuyashike mambo hayo 3, maana historia yote iliyofuata imeyazunguka.

Sisi Watanzania hatuhitaji kufundishwa uchungu wa treni isiyo na breki. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma yenyewe kwenye mwinuko, ikakimbia mpaka ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Ajali ile haikuhusiana na milio ya redio ninayoieleza leo, lakini inatuonyesha uzito wa jambo tunalolizungumza tunaposema "breki hazikushika".

Turudi Marekani. Kampuni za reli zilianza kujiuliza kama gadi bado anahitajika. Kampuni ya Florida East Coast ilikuwa ya kwanza kuweka kifaa mahali pake, mwaka 1969. Mwaka 1982 makubaliano kati ya kampuni na chama cha wafanyakazi yaliufungua mlango kwa nchi nzima, na katika miaka iliyofuata mabehewa ya magadi yakaondolewa kwa maelfu. Mengine yaligeuzwa vyumba vya wageni au maduka madogo. Mengine yalikatwakatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu.

Ni haki kuusema na upande wa kampuni. Behewa la gadi halikuwa mahali pa starehe. Treni ndefu ikivutwa au ikifungwa breki ghafla, mshtuko hukusanyika mpaka mkiani, na watu wengi walirushwa ukutani wakavunjika mbavu na mikono. Lakini sababu kubwa ilikuwa fedha. Mshahara wa mtu hulipwa kila mwezi, kisanduku hununuliwa mara moja.

Kisanduku chenyewe ni cha chuma, na hubanwa kwenye kiungio cha behewa la mwisho. Kina taa nyekundu inayomweta, betri, antena, na mpira uliounganishwa na bomba la breki. Wafanyakazi wakakiita FRED, kwa herufi za kwanza za jina lake la Kiingereza. Fred vilevile ni jina la mwanamume. Basi mtu alishushwa kwenye treni, kikapandishwa kisanduku chenye jina la mtu.

Hicho ndicho kinacholia. Kila dakika moja hivi, na kila presha inapobadilika, hutuma habari kwa injini kwenye megahezi 457.9375. Hutumia sauti 2 tu, moja ya hezi 1200 na nyingine ya hezi 1800, zikipokezana kwa kasi ya alama 1200 kwa sekunde. Sikio la binadamu haliwezi kuzitenganisha, ndiyo maana husikia mkwaruzo. Ndani ya mkwaruzo huo mna namba ya kisanduku, presha ya hewa mkiani, kama behewa la mwisho linatembea au limesimama, na hali ya betri na taa. Kwa dereva hayo yote hutokea kama tarakimu kwenye kioo kidogo.

Yaani macho ya gadi yalipata mbadala, na kwa kusoma geji pengine yalikuwa macho mazuri kuliko yake, kwa kuwa hayasinzii. Lakini kisanduku cha mwanzo hakikuwa na mkono. Kilisema, hakikusikia. Dereva aliweza kuona tarakimu ikimwambia kwamba hewa ya nyuma haishuki, na asiweze kufanya lolote kuhusu huko nyuma.

Tarehe 2 Februari 1989, katika baridi kali ya milima ya Montana, wafanyakazi wa treni moja ya mizigo walizikata injini zao ili wazipange upya, wakayaacha mabehewa mwinukoni bila kufunga breki za mkono. Mabehewa yakaanza kurudi nyuma. Yaliteremka kilomita zipatazo 14 mpaka mjini Helena, yakagonga injini zilizokuwa zimesimama, na mlipuko ukafuata. Kwa bahati hakuna aliyekufa, ila maelfu ya watu walihamishwa majumbani mwao. Bodi ya taifa ya kuchunguza ajali ilipomaliza kazi ilipendekeza, pamoja na mengine, kwamba treni zisizo na gadi zilazimishwe kuwa na kisanduku cha njia 2: kinachosema na kinachosikia. Dereva akibonyeza kitufe, mlio uende nyuma, na kisanduku kifungue vali kama alivyofanya gadi. Vifaa hivyo havikuwa ndoto. Reli za Kanada zilikuwa tayari zikivitumia.

Mwaka 1992 Bunge la Marekani liliagiza kanuni itungwe kabla ya mwisho wa 1993. Muda ukapita. Tarehe 14 Desemba 1994, treni ya kampuni ya Santa Fe ilikosa breki ikishuka mlima wa Cajon Pass huko California, ikaigonga kwa nyuma treni ya makaa ya mawe. Wafanyakazi waliokoka kwa kuruka. Tarehe 1 Februari 1996, mlimani hapohapo, treni nyingine ya mizigo ikashuka. Dereva alifunga breki. Zilikamata za mbele, za nyuma hazikupata habari, kwa kuwa bomba lilikuwa limeziba. Kitufe cha kuufungua mkia kwa redio hakikuwa kikifanya kazi safari ile. Wafanyakazi 2 kati ya 3 walikufa.

Kanuni ilitangazwa Januari 1997 na kuanza kutumika Julai mwaka huohuo. Toka Helena ilikuwa imepita miaka 8. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi hapa tunaona ukuta ulijengwa baada ya watu kufa.

Kanuni ile ina jambo ambalo mimi hulipenda sana: imekipa kimya maana. Mawasiliano kati ya mbele na nyuma yakikatika kwa zaidi ya dakika 16 na sekunde 30, ni lazima dereva aonywe, na treni isizidi kilomita 48 kwa saa mpaka mawasiliano yarudi. Hairuhusiwi kudhani kwamba kwa kuwa hakuna habari mbaya basi mambo ni mazuri. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na watu wa reli wameandika methali hiyo katika sheria yao bila kuijua.

Sasa nirudi kwa vyombo vya kando ya reli. Tarehe 3 Februari 2023 treni ya kampuni ya Norfolk Southern yenye mabehewa 149 ilikuwa ikipita jimbo la Ohio. Beringi ya behewa moja ilikuwa ikichemka. Chombo cha kwanza kilipima joto lililozidi hali ya hewa kwa nyuzi 21 za sentigredi. Cha pili, mjini Salem, kilipima nyuzi 57. Hapo bado dereva hakuambiwa asimame haraka, kwa sababu kiwango cha kampuni cha tahadhari kuu kilikuwa nyuzi 111. Chombo kilichofuata kilikuwa zaidi ya kilomita 30 mbele, mjini East Palestine, nacho kilipima nyuzi 140. Tahadhari ililia. Dereva alifunga breki, lakini ekseli ilikuwa imekwisha haribika. Mabehewa 38 yalianguka, mengine yakiwa na kemikali, na siku 3 baadaye kemikali ya matangi 5 ikachomwa kwa makusudi ili yasilipuke. Wakazi walihama na makovu ya tukio lile bado yapo.

Nani alikosea? Chombo kilipima sawasawa. Tahadhari ililia pale ilipoagizwa ilie. Lakini kule Salem moto ulikuwa tayari unaonekana kwa macho, kama kamera za majengo jirani zilivyoonyesha. Siwezi kuapa kwamba gadi angekuwapo angeuona, kwa sababu treni yenye urefu wa karibu kilomita 3 ni ndefu mno kwa macho ya mtu. Ninachosema ni kwamba mlio hauoni moto, huona namba, na namba huwekwa mpaka na mtu aliye mbali na reli.

Limebaki jambo la tatu, kule kujulikana. Gadi alipofungua vali, hakuna aliyeuliza ni nani. Je, mlio unaoamuru breki hutoka kwa nani?

Nchini Poland upo mfumo uitwao Radio-Stop. Milio 3 ikifuatana upesi, kwenye masafa ya megahezi 150, huzifanya treni zote zilizo karibu zifunge breki zenyewe bila kumngoja dereva. Ni mfumo mwema, uliobuniwa wakati ambapo kwa kawaida mwenye redio ya masafa hayo alikuwa mfanyakazi wa reli. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu na mji wa Szczecin, mtu asiyehusika aliirusha milio hiyo hewani. Treni zipatazo 20 zikasimama. Milio ilichanganywa na wimbo wa taifa wa Urusi. Hakuna aliyeumia, na polisi baadaye waliwakamata raia 2 wa Poland. Lakini mlio haukuvunjwa wala kufunguliwa kwa ufundi wa ajabu. Uliigwa tu, kama mtu anavyoiga mluzi. Dawa iliyotajwa ni kuhamia mawasiliano ya kidijitali ya GSM-R, aina ileile iliyowekwa kwenye reli yetu mpya ya Dar es Salaam hadi Dodoma iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024.

Marekani nako si salama zaidi. Julai 2025 idara ya serikali inayolinda mitandao, CISA, ilitoa onyo kuhusu visanduku hivihivi vya mkiani. Ujumbe wa kuamuru breki una hesabu ya kuhakiki kwamba haukuharibika njiani, lakini hauna njia ya kuthibitisha umetoka kwa nani. Ni sawa na karani anayekagua tahajia ya barua bila kutazama sahihi. Mtu mwenye redio inayoendeshwa kwa kompyuta anaweza kuutunga ujumbe huo na kuifunga breki ya treni asiyoijua. Mtafiti aliyeligundua jambo hilo alilieleza kwa mara ya kwanza mwaka 2012. Ilichukua miaka 13 onyo la hadhara kutoka, na kazi ya kubadilisha vifaa ikapangwa kuanza 2026.

Ndugu msikilizaji, sisemi kwamba magadi warudishwe. Kisanduku hakichoki, hakivunjiki mbavu, na sasa kinaweza kufungua vali kwa kasi ambayo gadi hakuwa nayo. Ninachokiona katika historia hii ni mpangilio wa mambo. Mtu aliondolewa kwanza. Macho yakawekwa palepale, kwa sababu bila hayo treni isingeruhusiwa kuondoka. Mkono ukaja baadaye, baada ya Helena na vifo vya Cajon Pass. Kutambulika bado kunasubiriwa. Akiba ya mshahara ilihesabiwa siku ya kwanza. Kazi zilizosahaulika zililipiwa kwa awamu, na waliolipa hawakuwa wale waliohesabu akiba.

Kwetu pia mashine zinaingia mahali pa watu, bandarini, benki na relini. Anayeleta mashine aulizwe mapema, kabla mtu hajashushwa: itaona nini? Itaweza kufanya nini ikiona? Na itajuaje kwamba anayeiamuru ndiye? Maswali hayo yakijibiwa mezani, gharama yake ni wino na karatasi. Pale Cajon Pass, lile la pili lilijibiwa mlimani, na familia 2 zikapokea maiti.